Kivuli cha Mnara wa Gavana

Saa ya mnara ule ilikufa zamani, ikaganda kwenye saa kumi na dakika ishirini, lakini hakuna aliyewahi kuchelewa jambo lake kwa sababu hiyo. Watu wa pale uwanjani walikuwa na saa yao nyingine, nayo ilitembea chini, juu ya mawe. Kivuli cha mnara kikiwa kimelala mpaka ngazi za mahakama, ni saa mbili asubuhi. Kikifika kwenye mfuniko wa chuma wa mtaro, ni saa nne. Saa sita kinakuwa kidogo kama mkeka wa mtoto, halafu kinageukia upande wa pili na kuanza kurefuka, taratibu, mpaka jioni kiguse mlango wa posta. Mafundi wote wa uwanjani walihama nacho, kila mmoja na kigoda chake mkononi.

Usiwacheke, kosa halikuwa lao. Aliyeuchora uwanja ule alitoka nchi ambako watu hulitafuta jua kama sisi tunavyotafuta chenji, na alichora kama alivyofundishwa kwao. Mabenchi ya mawe akayapanga katikati ya jua, na ikifika saa saba ungeweza kukaangia mayai juu yake. Akaacha eneo pana, tupu, la askari kupigia gwaride mbele ya gavana. Mahakama akaipa dohani mbili, na chumba cha hakimu akakiwekea meko ya kuota moto, katika mji ambao haujawahi kumwona mtu akipuliza viganja kwa baridi. Siku hizi karani hutunza mafaili humo. Mti hakupanda hata mmoja, maana mti ungemziba gavana. Mwisho akausimamisha mnara, na juu ya mlango wake akamchonga gavana mwenyewe, kichwa na mabega, pua ameielekeza posta. Mnara huo ndio kitu pekee alichokipatia, tena bila kukusudia.

Majina nayo yalikuja yakaenda. Kwanza paliitwa Uwanja wa Gavana. Gavana alipofungasha virago pakaitwa Uwanja wa Bendera, kisha Uwanja wa Tarehe Tisa, na ukiuliza watu watano ni tisa ya mwezi gani utapata miezi sita. Kila kibao kipya kilipigiliwa misumari juu ya kilichotangulia, kwa hiyo nguzo ya vibao ilikuwa imenenepa tumbo. Watu walivisoma vyote kwa adabu, kisha wakaendelea kusema Kivulini. Tukutane Kivulini. Nimeacha viatu vyangu Kivulini. Jina hilo halikuwa limeandikwa mahali popote.

Shinani kabisa mwa kivuli, mahali pa mkubwa kuliko wote, alikaa fundi wa miavuli. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye vidole virefu vya kushonea na ukaidi usio na dawa. Ukimletea mwavuli, alichana kitambaa vipande viwili. Nusu aliifunga kwenye mpini, nusu alikupa wewe. Ukirudi bila kitambaa chako hupewi kitu, hata kama mwavuli unauona kwa macho yako na yeye anakujua tangu unanyonya. "Macho husahau," alisema. "Kitambaa hakisahau." Basi miavuli isiyochukuliwa ilijaa nyumbani kwake, chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango, yote mizima na yote imefungwa. Hakuna hata mmoja aliowahi kuukunjua kwa ajili yake, jua liwake, mvua inyeshe. Wenzake walimtania kwamba mganga hajigangi. Yeye alijibu kwamba mali ya mtu ni amana.

Kando yake kilikaa kigoda kitupu. Kilikuwa cha mkewe, muuza vifungo na nyuzi, aliyekaa hapo ubavuni pake miaka na miaka mpaka alipofariki. Desturi ya Kivulini ni kwamba mtu akitutoka, kigoda chake kinaendelea kuhamishwa pamoja na vya wenzake mwezi mzima, kisha kinarudishwa kwao. Hiki kilikuwa na mwaka wa sita. Kila saa ilipofika, mzee alikihamisha kwanza cha mkewe, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, ndipo akarudi kuchukua chake. Kisigino, fundi viatu, na Bi Nukta, mama wa taipureta aliyepewa jina hilo kwa kuwa mteja akizidisha maneno yeye huweka nukta na kuchomoa karatasi, walijifanya hawajui kuhesabu miezi.

Mzee huyu alikuwa na binti mmoja, mpima ardhi katika ofisi ya mji. Huyu ndiye mwenye hadithi.

Siku moja mkuu wake alimwita, akamsukumia barua mezani.

"Kamati imeamua," alisema. "Mnara unashuka mwisho wa mwezi. Uwanja utaitwa Uwanja wa Heshima, na watatengeneza upya kila kitu. Mimi nataka ramani ya kilichopo kabla hakijabomolewa. Halafu utapigilia vigingi vya eneo la hatari, kamba ipite hapo, mtu yeyote asiingie. Una neno?"

"Sina, mkuu."

Alikuwa nalo, ila lilikuwa refu. Barua yenyewe ilisema kweli. Mnara ulijengwa kwa fimbo. Babu yake mwenyewe alibeba mawe yake mpaka bega moja likalala moja kwa moja, na picha pekee ya babu waliyonayo nyumbani inamwonyesha amesimama upande kama mlango ulioachia bawaba. Nani angeomba kichwa cha gavana kiendelee kuwaangalia watu wakinunua stempu? Si yeye. Lakini alipofumba macho hakuuona mnara. Aliona vigoda viwili.

"Na usisahau," mkuu alisema, kama alivyosema kila siku ya Mungu, "mpima hachori anachokipenda wala anachokichukia. Anachora kilichopo."

Kesho yake alisimamisha darubini ya kupimia mbele ya mahakama. Ilikuwa ya zamani, ofisi iliirithi kutoka kwa wapima wa gavana, nayo ilikuwa na tabia moja: ukichungulia, inakugeuzia dunia juu chini. Aliizoea tangu chuoni. Asubuhi ile, hata hivyo, alipoweka jicho alisahau kuandika. Mnara ulining'inia kutoka juu kama kibuyu. Mawe ya uwanja yalikuwa dari, na darini hapo watu walikaa kwenye vigoda bila kuanguka, Kisigino anagonga kiatu, Bi Nukta anagonga herufi, baba yake anavuta uzi mrefu mrefu usioonekana. Kivuli kilipita juu yao polepole, kama maji yanayotafuta njia yake. Saa ilipofika wote walinyanyuka kwa pamoja, wakatembea hatua saba kichwa chini miguu juu, wakaketi tena.

Akaondoa jicho kwenye darubini, akachukua chokaa, akaenda kuweka alama mahali walipokaa. Saa nyingine akaweka nyingine. Hakuagizwa. Mikono ilifanya tu, na yeye akaifuata.

Saa sita ilipowakusanya wote shinani, goti kwa goti, ndipo baba yake alipomwita. Saa sita Kivulini ilikuwa saa ya kubanana, na waliokosana asubuhi walilazimika kupatana maana hapakuwa na pa kununia.

"Mama," baba alimwambia, maana alimwita hivyo tangu mdogo, "unatupima ili utushonee nguo?"

Kisigino alicheka. Binti hakucheka.

"Mnara unashuka, baba. Mwisho wa mwezi."

Taipureta ilinyamaza. Mzee alimaliza kushona mshono wake, akakata uzi kwa meno.

"Ni vizuri," alisema. "Baba yangu angekuwepo angepiga nyundo ya kwanza. Mnara ni wao, waushushe."

"Na wewe?"

"Mimi sikai kwenye mnara. Mimi nakaa kivulini. Mawe walimbebesha baba kwa nguvu, lakini kivuli hawakukitaka, wakatuachia. Hicho ni chetu."

"Baba, mnara ukishuka kivuli kinakwenda nao."

"Hayo umeyasoma chuoni," mzee alisema, na kigoda cha mkewe akakisogeza kidogo, kisiguswe na jua.

Wiki nzima binti aliichora ramani. Akachora mahakama na dohani zake mbili, posta, mabenchi, mfuniko wa mtaro, nguzo yenye vibao vyake vitatu. Halafu, kutoka ngazi za mahakama mpaka mlango wa posta, akachora mstari uliopinda kidogo kama ubavu, na juu yake akatia nukta kila saa. Chini ya karatasi palikuwa na kisanduku: jina la eneo linalotumika sasa. Wapima wote waliomtangulia walinakili kibao. Yeye alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, kisha akaandika: Kivulini.

Mkuu alipoiona alivua miwani.

"Huu mstari ni nini? Ukuta?"

"Siyo ukuta, mkuu. Watu wanakaa hapo."

"Tangu lini?"

"Tangu mnara ulipojengwa. Nimepima siku tano, hawakosei hata hatua mbili. Ulisema nichore kilichopo."

Mkuu alimtazama binti, akatazama mstari, akatazama tena binti. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akapiga muhuri. Jina la Kivulini likaingia kabatini, kwa mara ya kwanza tangu paanze kuitwa hivyo, na mpima ardhi akatoka ofisini na furaha ambayo haikufika hata getini. Karatasi haimfuniki mtu jua. Na mzee alikuwa ameshasema, mbele ya mashahidi, kwamba hang'oki.

Hakuwa anatania. Mafundi wengine walianza kutafuta pa kwenda, Kisigino akachungulia baraza ya duka la vitabu, Bi Nukta akasema kwa mpwa wake kuna nafasi. Mzee alisema wateja hawatamwona.

"Nitaandika kibao, baba. Nitakiweka hapahapa. Fundi wa miavuli yuko nyumbani kwake."

"Kuna wasiosoma."

"Nitamwambia Kisigino awaelekeze."

"Kisigino huelekeza watu baharini."

Walikuwa wanakula chakula cha jioni, wawili tu. Binti aliweka kijiko chini. "Kamba itapita, baba. Vigingi nimepigilia mimi, kwa mikono hii. Ukikaa ndani ya kamba watakutoa kwa kukubeba, nami nitakuwa nimesimama pale nashika daftari. Unataka nione hivyo?"

Mzee alisukuma sahani yake pembeni.

"Kuna mwavuli mmoja," alisema. "Mama yako mwenyewe aliniletea wiki ileile aliyougua. Nikamchania kitambaa kama mteja mwingine yeyote, akacheka, akasema hata mimi? Nikamwambia hata wewe. Akakichukua. Akaniambia atakuja kuuchukua Kivulini." Alivuta pumzi. "Sasa akija, nisipokuwepo?"

Binti alianza kukusanya vyombo. Miaka sita alidhani baba yake anakibeba kigoda kwa huzuni. Kumbe alikuwa kazini, anamngoja mteja. Ilimuuma, na katika kuumwa huko alimpenda baba yake kuliko siku zote alizowahi kumpenda.

Baada ya kuosha vyombo aliliteremsha kopo la vifungo la mama. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, zito, halijafunguliwa tangu msiba. Akalimimina juu ya kanga: vifungo vya shati, vya koti, vya mfupa, vya shaba, vya maua kwa ajili ya nguo za watoto, vikatiririka na kuenea mpaka miguuni pake kama punje za nafaka. Aliingiza mikono humo. Vilikuwa baridi, vikanong'ona. Ilikuwa kama kumsikia mama akitafuta kifungo cha mteja, ile subira yake, ngoja mwanangu, kimo humu, hakijaenda mbali. Akatafuta kwa subira hiyohiyo. Chini kabisa, kimekunjwa mara nne na kufungwa uzi mwekundu, kilikuwemo kipande cha kitambaa cha bluu chenye nusu ya ua.

Siku ya kubomoa, jua lilitoka mapema kama lililoalikwa. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye vigingi, tingatinga limeegeshwa, nyaya nene za chuma zimezungushwa shingoni mwa mnara, na gavana anaangalia posta kama kawaida yake. Mafundi walisimama nje ya kamba na vigoda vyao. Ndani ya kamba, shinani, alikaa mzee mmoja na vigoda viwili, anashona.

Msimamizi wa kazi alikuwa ameshamwamkia mara tatu na kumsihi mara nne. "Dada," alimwambia mpima ardhi, akijifuta jasho, "huyu mzee ni wako? Mimi siwezi kumbeba baba wa mtu mbele ya watu. Lakini saa nne lazima tuvute."

"Nipe kidogo."

Alipita chini ya kamba aliyoifunga mwenyewe. Hakumsogelea kama binti. Alisimama mbele ya kigoda kama wateja wanavyosimama, akangoja fundi ainue macho.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," mzee alijibu, kwa mazoea, kisha akashtuka kuona ni nani.

"Nimekuja kuchukua mwavuli."

"Mwavuli gani?"

"Mweusi, mpini wa mti."

"Kitambaa?"

Akampa. Mzee alikipokea, akakifungua uzi mwekundu. Akauchomoa mwavuli uliofungwa chini ya kigoda cha mkewe. Kumbe ulikuwa pale siku zote, ukihama saa kwa saa. Akaweka nusu ya mpini na nusu ya mkononi juu ya goti, ukingo kwa ukingo. Nyuzi zikaingiana. Ua likawa zima.

Alilitazama kwa muda mrefu.

"Mwenyewe hakuja," alisema.

"Mwenyewe hawezi kuja, baba. Nimekuja mimi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Sheria ilikuwa yake, na hakuwahi kuivunja kwa mtu yeyote; mwenye kitambaa hupewa. Akaufungua uzi wa mpini, akaupangusa mwavuli kwa mkono wa shati, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ulivunjika mbavu mbili," alisema. "Nilizibadilisha siku ileile. Siku ileile, mama, haukulala hata siku moja haujatengenezwa. Umwambie." Hapo akalia, na binti akalia naye, wazi, mbele ya wafanyakazi na gavana.

Kisha mzee akapangusa uso na kusimama. Akachukua kigoda cha mkewe kwanza. Akarudi akachukua chake.

Mnara haukuanguka kwa kishindo kama watu walivyotarajia. Uliinama kwanza, pole, kama mzee anayetafuta ndara chini ya kitanda, ukakaa hapo kidogo ukifikiri, halafu ukalala. Vumbi lilipanda, likabaki hewani, jeupe, likaufuta uwanja wote. Kwa muda hapakuwa na mahakama wala posta wala mtu. Lilipotua, pale palipokuwa na kivuli tangu enzi za babu yake palikuwa na jua tupu, jipya, na mawe yaliyokuwa chini yake yalikuwa na rangi tofauti, meusi zaidi, mstari uliopinda kidogo kama ubavu. Msimamizi alivuta ramani yake, akaangalia mstari wa karatasi na mstari wa chini, akakuna kichwa.

Watu wakaingia tena, mmoja mmoja. Hakuna aliyewaita. Kisigino akaweka kigoda kwenye alama ya chokaa ya saa nne, Bi Nukta akamfuata na taipureta yake kichwani, wakaketi juani, wamekunja nyuso.

"Mzee," Kisigino alisema, "nyumbani kwako kuna miavuli sitini. Tuazime hata kumi."

"Una vitambaa?"

"Jamani, mzee."

"Huna kitambaa, huna mwavuli. Nunua kofia."

Bi Nukta alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikazunguka uwanja mtupu na kurudi. Mpima ardhi alikunjua mwavuli wa mama yake. Ulifunguka bila kukwama, mbavu zote zimenyooka, ukatupa chini duara dogo la kivuli, la watu wawili wakikaa goti kwa goti. Alibaki amesimama na mwavuli mkononi, maana kwenye kigoda kile hakuna aliyewahi kukaa miaka sita.

Walifanya kazi hivyo mpaka miili yao, bila kuulizana, ikajua kuwa saa imefika. Wote wakanyanyuka kwa pamoja. Wakatembea hatua saba katika jua kali, wakifuata kivuli ambacho hakikuwepo, mpaka kwenye alama ya chokaa iliyofuata. Mzee alihamisha kwanza kigoda cha mkewe. Akakifuta vumbi kwa mkono wa shati. Akarudi akachukua chake, akakiweka ubavuni, akaketi, kisha akainua macho na kumtazama binti yake.

"Kaa, mama," alisema. "Jua kali."